Mwaka Tuliopanga Kupanda Mueda

Bibi Mwanahawa alipofariki, wanawe walio mbali walinipigia simu wakaniomba nitoe vitu chumbani kwake, kwa kuwa mimi ndiye jirani na kwa kuwa, walisema, mama yao alikuwa akinihesabu kama mtoto. Nilikubali huku nalia, kisha nikaogopa, maana mimi ni mtu wa kuogopa kwanza na kufikiri baadaye. Chumba kilikuwa kidogo, kinanukia mafuta ya nazi na ubani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sinia lililopinda ukingo, na kapulana, vitambaa vyetu vya kujifunga, zilizokunjwa vizuri mpaka nikaona haya kuzigusa. Chini ya kitanda, kule ukutani kabisa, kulikuwa na furushi. Wanawake wawili niliokuwa nao wakalitazama, wakanitazama na mimi, na hakuna aliyeuliza la nini. Sisi watu wa Olumbi tunalijua furushi la namna ile, la kukimbia nalo. Linafungwa fundo moja la kunyakua kwa mkono, halitiwi kitu kizito, na haliwekwi mahali pa kupandia kiti. Hata kitambaa chake nilikitambua, kapulana ya kijani yenye picha za korosho ambayo Bibi aliacha ghafla kuivaa, na hapo nikajua lilifungwa mwaka gani. Lilifungwa mwaka ule tuliopanga safari ya mlimani. Nikaliweka kando ya mlango bila kulifungua, nikaendelea kukunja nguo.

Neno feria, likizo kwa Kireno, lililetwa nyumbani kwetu na mume wangu, Baba Sefu. Alikuwa akifanya kazi jikoni Afungi, kwenye kambi ya gesi, ndani ya ule ua mrefu, akikaanga mayai ya watu wasiolijua jina lake, na baada ya majuma kadhaa ya kazi walimpa mapumziko. Huko ndani, akigawa chakula, aliwasikia wafanyakazi wa kigeni wakisimuliana: huyu feria atawapeleka wanawe wadogo mlimani kwa gari, yule ameshapanga watalala wapi na watakula nini. Akaja nyumbani nalo. Tulikuwa tunakula wali na papa mkavu, Nura amekaa mapajani kwangu akinichezea sahani. "Mama Sefu," akasema, "na sisi twende feria. Twende Mueda kwa mama, tupande mlima na watoto, tukae kidogo, turudi." Nikamuuliza nani mgonjwa. Akasema hakuna mgonjwa. Nikamuuliza nani kafa. "Ah, mwanamke wewe! Hakuna aliyekufa." Basi tunakwenda kufanya nini? Akacheka mpaka akapaliwa. "Kutembea tu," akasema.

Ucheke ukitaka, lakini lile lilikuwa swali la haki. Kwetu mtu hapandi gari bila sababu. Zamani ulisafiri kwa harusi, kwa msiba, kwa ugonjwa, na tangu mambo yalipoharibika, wapiganaji wakaanza kuchoma vijiji, watu wamesafiri kwa kukimbia. Sefu alikimbia kabla hajajua kutembea, nami nilimbeba mgongoni kwa njia za vichakani, midomo yake imepasuka kwa kiu. Nura alizaliwa ugenini chini ya hema, na tuliporudi Olumbi alikuwa anatambaa. Leo Sefu anakwenda shule, na Nura ana maneno kuliko redio, lakini mwaka huo wote wawili walikuwa wadogo wa kubebwa, na kwa watoto wangu neno safari lilikuwa na maana moja tu. Nilikubali kwa ajili hiyo. Nilitaka wapite barabara ile japo mara moja wakiwa wamekaa, wameshiba, wanaonyeshwa vitu dirishani. Nilitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka kuuona mlima.

Basi tukapanga, na mpango ulikula karibu mwaka mzima. Baba Sefu akija mapumziko tunapanga, akirudi kazini mimi nabaki kuogopa yale tuliyopanga. Kutoka Olumbi hadi Mocímboa sikuwa na shida sana. Kutoka Mocímboa kwenda Awasse, kwenye njia panda, nilisema gari halisimami, kwa hofu ya kuviziwa, hata mtoto alie vipi, na hapo likazuka suala la mkojo. Nikakata bidoni dogo, dumu la plastiki, nikamfundisha Sefu kulitumia akiwa ameketi, naye akalipenda mno akakataa choo cha kawaida. Baada ya Awasse kuna ile njia ya kupanda. Nilisikia masikio huziba na watoto hutapika, nikaanza kumzoesha Nura maji ya tangawizi, akayatapika hayo hayo. Ikawa jioni tunaweka benchi katikati ya chumba, Baba Sefu anashika mfuniko wa sufuria kama usukani, sisi watatu tunakaa nyuma, tunasafiri. Sefu anapiga honi. Mimi nahesabia moyoni vizuizi vya askari na kujiuliza nitajibu nini nikiulizwa niendako. "Sema feria," mume wangu ananiambia. "Wataniona kichaa," namjibu.

Mama mkwe alikuwa akitupigia simu kutoka Mueda karibu kila juma. Macho yake yalikuwa yakififia, wala hakulificha. "Leteni watoto niwaone," alisema. "Nisiishie kuwasikia kwenye simu tu. Na mje na maji, wanangu. Nyie wa chini mna maji, sisi huku juu tunayatafuta kama dawa." Ni kweli, huko uwandani maji ni taabu, na mtu akitoka pwani na bidoni la maji ya kisima amekuletea zawadi kubwa kuliko samaki. Hilo likaingia kwenye mpango, mabidoni ya maji, mengi kadiri gari litakavyobeba. Sefu yeye alitaka ukungu. Baba yake alimwonyesha picha kwenye simu, mawingu yameshuka mpaka mlangoni kwa bibi yake, akamwambia ukisimama ukingoni mwa uwanda siku ya jua unaona chini kote mpaka baharini. "Na Olumbi?" Sefu akauliza. "Na Olumbi, na mama akiwa anafua." Mimi nilikuwa nawaza baridi. Nilimwagiza mtu Mocímboa, akaniletea kutoka kwenye mitumba kofia mbili za sufu, nyekundu ya Sefu na ya njano ya Nura, yenye masikio mawili ya paka. Nura akaivaa siku hiyo hiyo, jua linawaka, akakataa kuivua. Alilala nayo. Jasho lilimtiririka, na ukimgusa kichwa anapiga mayowe.

Aliyecheka kuliko wote ni Bibi Mwanahawa. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa makuti wenye tundu moja chini, na tundu hilo lilikuwa la Nura. Asubuhi Bibi akianza kukaanga vitumbua, mtoto anapenya, anapewa cha kwanza, anarudi na midomo inang'aa mafuta. "Mtoto gani huyu kavishwa kofia ya kijeuri?" Bibi aliniuliza juu ya ua. Nikamweleza tena habari za mlimani. "Haya makubwa! Mtu na akili zake anaifuata baridi nyumbani kwake?" Alikuwa mwembamba, mkali, goti moja bovu, anatembea kwa fimbo, na mdomo wake ulitembea kwa miguu yote miwili. Wakati wa kukimbia, wengine walipompita njiani hakuna aliyesimama, akajificha peke yake kwenye mashamba ya mihogo mpaka hatari ilipopita. Habari hiyo hakuwahi kunisimulia mwenyewe, niliisikia kwa wanawake kisimani. Kila aliponitania kuhusu mlima nilikuwa nacheka naye, na moyoni nilijiambia kwamba hata yeye ameona safari yetu ni ya furaha.

Siku ya kuamkia safari, Baba Sefu alikuja na gari la rafiki yake wa kazini, la kabini mbili. Tukasema tupakie mchana mchana ili alfajiri tusihangaike na watoto. Tukatoa godoro tukalikunja nyuma. Tukajaza mabidoni kisimani, mume wangu akiyabeba mawili mawili kupita barabarani mbele ya watu, akayapanga nyuma ya gari, kando ya godoro. Tukaweka unga, sufuria, mkaa, nguo za watoto. Mimi nilikuwa nasoma mpango kichwani na kuogopa mambo yangu ya kawaida: gurudumu, homa, matapishi. Sikuangalia barabarani. Fundi Abudu, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyenishtua. Cherehani yake ilinyamaza. Nilipoinua macho nikamwona anaiingiza ndani, saa ambayo wateja ndio kwanza wanakuja. Duka la pembeni likafunga mlango mmoja, kisha wa pili. Mwanamke mmoja akapita mbio akiita majina ya wanawe. Nikamwambia mume wangu, "Baba Sefu, kuna nini? Watu wanafungasha." Naye, bado kashika bidoni, akageuka, akaitazama barabara, akalitazama gari letu, akaelewa kabla yangu. "Wanatuona sisi," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa Afungi, anayekaa ndani ya ua na kusikia ya wakubwa, amekuja ghafla na gari, anapakia godoro, watoto na maji. Hasa maji. Kila aliyekimbia mara ile anajua kilichoua watu vichakani ni kiu. Wakaanza kuja uani kwetu, mmoja mmoja, kwa adabu, na adabu yao iliniogopesha kuliko kelele. Fundi Abudu akaamkia, akauliza hali za watoto, kisha akasema, "Baba Sefu, ndugu yangu, sikuulizi nani kakwambia. Niambie tu ni leo au kesho." Mume wangu akacheka. Laiti asingecheka. "Hakuna kitu, fundi! Kalma, tulia! Tunakwenda feria, tunakwenda kutembea tu." Fundi Abudu akatikisa kichwa taratibu. "Hata mara ile," akasema, "waliojua walituambia hivyo hivyo. Wanakwenda kutembea." Tukaapa. Tukamtaja mama mkwe na macho yake. Miezi yote niliyowasimulia majirani habari za mlima sasa ikageuka ushahidi dhidi yetu, kwamba kumbe tulikuwa tunalijua tangu zamani na tunatafuta kisingizio. Mama mmoja kijana wa nyumba ya nyuma akanisukumia mtoto wake mikononi, kamfunga nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. "Mimi nibaki," akasema. "Huyu ana nafasi ndogo tu, mpakate." Nilimrudishia mtoto wake na mfuko wake.

Bibi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kinu chetu kilicholazwa, fimbo katikati ya magoti, ananitazama bila utani wowote. Nura kamwegemea na kofia yake ya njano. "Mama Sefu," akaniita, "mnakwenda kutembea?" Nikasema ndiyo, wallahi. "Na mtarudi?" Tutarudi. "Basi niachie huyu." Akamwekea Nura mkono juu ya kofia. "Mtu anayekimbia haachi mtoto. Watu wakimwona huyu kwangu asubuhi watafungua milango yao." Mume wangu akasema kwa hasira kwamba basi, safari hakuna, tunashusha vitu. "Shusheni," Bibi akamjibu, "na watu watasema mmeambiwa njia imeshakatwa. Watatoka kwa miguu, na wajawazito, na kwa magoti kama langu. Gari hilo limekwisha kuonekana, mwanangu. Likienda na nyote ni balaa, lisipokwenda ni balaa." Nilimchukia wakati huo, kwa kuwa hakuna alilokosea. Nikamtazama Nura, ambaye usiku alikuwa bado ananyonya, nikatazama watu waliosimama na watoto wao mikononi, nikaliona benchi letu la jioni, mfuniko wa sufuria, mwaka mzima wa kupanga. "Simwachi mtoto peke yake," nikasema. "Nitabaki naye. Baba Sefu aende na Sefu." Sefu, ambaye hakuelewa lolote ila kwamba kuna mtu anaharibu safari, akaanza kulia, akaenda akakaa garini.

Waliondoka asubuhi jua limeshachomoza, makusudi, ili waonekane wako wawili tu. Sefu alikuwa dirishani na kofia nyekundu, na bidoni lake la mkojo kalikumbatia. Kabla vumbi halijatulia nilichukua ufagio nikafagia mbele ya nyumba, nikafagia mpaka barabarani mahali ambapo si pangu. Nikafungua mlango na madirisha. Nikapika nje. Siku zile zote nilikuwa kama saa ya ukutani ya mtaa, kila anayepita ananitupia jicho. "Umeamkaje, Mama Sefu?" Nimeamka salama. "Na mtoto?" Huyo anacheza. Wakishaniona wanakwenda shambani. Hakuna aliyejua kuwa nyuma ya mlango wangu nilikuwa nimefunga furushi, langu na Nura, kapulana ya kubebea ikiwa juu. Pikipiki ikinguruma, ufagio unanitoka mkononi. Nilikuwa nimetaka niwafundishe watoto wangu safari isiyo ya kukimbia, na sasa mmoja yuko juu ya mlima sijui kama amefika, na mwingine yuko nami na sijui kama nimembakiza pa kufia. Nililia mekoni moshi ukifuka vizuri, ili asiyenijua aseme ni moshi.

Siku hizo hizo kofia ya Nura ikapotea. Alipenya tundu la ua akiwa nayo, akarudi kichwa wazi, analia kwa hasira. Nilitafuta kila mahali. "Labda mbuzi wa Abudu kaila," Bibi Mwanahawa aliniambia, akigeuza vitumbua bila kuinua uso. "Mbuzi yule anakula hata shuka." Fundi Abudu aliomba radhi kwa ajili ya mbuzi wake, akanishonea Nura kofia ya kitambaa, na Nura akaitupa. Simu ya Baba Sefu ikaja wakati watu wanatoka kuswali. Nikaifungulia sauti, na waliokuwa karibu wakakusanyika barazani kusikiliza, fundi mbele yao. Walikuwa wamefika. Sefu alitapika mara moja tu, tena walipofika. Mama mkwe akashika simu: "Huyu mmoja nimemwona. Ana pua ya marehemu babu yake. Mwingine yuko wapi, mbona mmeniletea nusu?" Nikamwekea Nura simu sikioni, akapumua tu kwenye simu, na bibi yake akasema pumzi hiyo ameipokea. Kisha Sefu akapiga kelele kwa mbali: "Mama! Nakuona! Unafua!" Baba yake akacheka, akasema kuna ukungu hata mikono yao hawaioni. Watu barazani wakacheka nao, kicheko kirefu cha watu waliobana pumzi muda mrefu. Alasiri ile niliisikia cherehani.

Walirudi na magunia ya mbaazi na mabidoni matupu, na kurudi kwao ndiko kulikowafanya watu waamini kwamba feria ni kitu kilichopo. Fundi Abudu mwenyewe alianza kuuliza bei za magari. Lakini kwa mama mkwe tulichelewa. Nura alipopanda Mueda mara ya kwanza, macho ya bibi yake yalikuwa yamekwisha kupofuka, akamshika uso kwa vidole, polepole, kipaji, pua, kidevu, akasema sasa amemwona. Nilisimama pale nikilia, na sikuwa na moshi wa kusingizia. Ukiniuliza leo kama nilifanya vyema kubaki, nitakwambia watu hawakukimbia na hakuna aliyepoteza mimba njiani. Ukiniuliza tena, nitakumbuka vile vidole.

Jana, wageni wa msiba walipopungua, nililichukua lile furushi nikalifungulia barazani, Nura akiwa pembeni yangu. Nilitegemea kukuta nguo za Bibi, vyeti vyake, labda hereni zake. Kulikuwa na kikombe cha bati, cha mtoto. Kulikuwa na sukari iliyofungwa kwenye karatasi, imekuwa jiwe, na biskuti zilizogeuka unga. Kulikuwa na chupa ya maji, tupu sasa, na kipande kirefu cha nguo ya kubebea mgongoni. Na katikati ya yote hayo, imekunjwa vizuri kama alivyokunja kila kitu chake, kofia ya njano yenye masikio ya paka, ile tuliyomsingizia mbuzi wa Abudu. Nililitazama tundu la ua, nikaikumbuka fimbo yake na goti lake, na vile alivyoniambia nimwachie huyu, nikakaa chini. Nura akaijaribu ile kofia, haikuingia, ikamkaa juu ya kichwa kama kifuniko. Kisha akaishika ile kapulana kwa pembe zake, akaikung'uta mpaka pakaanguka chembe za mwisho za sukari, akaangalia chini, akaniuliza, "Mama, na nguo za Bibi mwenyewe ziko wapi?"